Tasnifu ya Bhoke Niliyoikataa

Siku yangu ya kwanza kufundisha chuo kikuu, Mkuu wa Idara alinikabidhi rundo la tasnifu, yaani ripoti za utafiti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Akaniambia, "Usitoe alama kabla hujamwita mwenyewe akueleze kwa mdomo alichoandika." Nilimtii miaka mingi, tangu nikiwa mhadhiri msaidizi hadi nikawa mhadhiri mwandamizi.

Kisha ikaja akili mnemba. Wanafunzi wakaanza kuleta kurasa zilizonyooka mno, na wengine ukiwauliza, hawajui hata kilichomo. Chuo kikatupa programu ya ukaguzi: unaipa maandishi, inakuambia kama yametungwa na mtu au na mashine. Madarasa yalikuwa makubwa, nami nimechoka. Nikaacha kuwaita.

Bhoke alitoka Matongo, huku kwetu Tarime. Aliandika juu ya akina mama wanaookota mawe ya dhahabu kwenye vifusi vya mgodi. Programu ikasema ni kazi ya mashine. Akaja ofisini kwangu.

"Shikamoo, mwalimu. Niulize chochote. Hao mama nawajua kwa majina."

"Marahaba. Mashine imeshasema, Bhoke."

"Na wewe mwalimu, umeisoma?"

Nilikuwa nimesoma kurasa nne tu. Nikamwambia atoke. Kamati ya nidhamu ilishika neno langu, akafukuzwa.

Nilipostaafu nilirudi Nyamwaga kulima migomba. Siku moja nilikwenda Matongo msibani, na mama mmoja, Ghati, akanisogelea.

"Wewe ndiwe mwalimu wa Bhoke? Alishinda nasi vifusini mwezi mzima, anauliza, anaandika. Alituambia mwalimu wake atasoma habari zetu."

Wiki hiyo hiyo nilikiandikia chuo nikieleza kosa langu, na baada ya miezi kadhaa wakamsafisha jina.

Vijana mnaofundisha sasa huniuliza kama mashine hizi zipigwe marufuku. Sijui. Ninachojua ni kwamba niliwakataza wanafunzi kuifanya mashine ifikiri badala yao, halafu mimi nikaiachia ihukumu badala yangu.

Barua ya chuo niliipeleka mwenyewe Sirari, ambako Bhoke anauza vitenge. Akaisoma yote, taratibu, akaikunja.

"Nashukuru, mwalimu," alisema. "Ila baba alikufa akijua niliiba kazi ile."