Mgeni Asikuone

Mwezi uliopita nilikuwa Mamboleo, pale njia panda, nikichagua nyanya, gari lilipopunguza mwendo na kusimama karibu nami. Unayajua magari hayo, rafiki yangu. Makubwa, yana hema lililokunjwa juu ya paa, madebe ya mafuta nyuma, na vumbi ambalo mwenyewe hataki lioshwe mpaka watu walione. Ndani mlikuwa na kijana na mkewe, Wakenya wenzetu, wamevaa kofia pana za aina moja. Waliniuliza barabara ya Kakamega na Kitale. Nikawaonyesha. Yule kijana, kwa furaha tu, akaniambia wametoka kuona wanyama Mara na sasa wanaelekea jangwani, kaskazini kabisa.

"Hatuna dereva, hatuna mtu," akasema. "Ni sisi wawili tu na gari."

Niliwatakia safari njema. Kisha nikabaki nimesimama na nyanya mkononi, nikiangalia barabara kama nimepotelewa na kitu, hadi mama muuzaji akaniuliza natafuta nini. Nilikuwa natafuta lori. Kwa sababu mahali fulani mbele ya watu wa namna ile huwa kuna lori lenye turubai, na ndani ya lori hilo kuna kitanda chao.

Baba yangu aliendesha lori la namna hiyo. Tajiri wake alikuwa na yadi Nyamasaria, akikodisha magari kwa wageni wenye pesa waliotaka kujiendesha wenyewe kutoka mbuga hadi mbuga, mpaka jangwani. Kitu walicholipia hasa ni upweke. Asubuhi walikunywa chai, wakaondoka polepole, wakisimama kupiga picha kila twiga. Wakishapotea machoni, baba na mpishi wake walibomoa kambi, wakapakia, wakapita njia ya mkato na kuwatangulia. Jioni wageni walikuta hema limesimama, shuka nyeupe, maji ya kuoga yakitoa mvuke, chakula kimefunikwa kingali moto, na hakuna mtu. Lori lilikuwa limefichwa nyuma ya kilima. Baba na mpishi walikuwa huko huko, wakila ugali wao kwa sauti ya chini.

"Mgeni akikuona, umeharibu," ndivyo alivyokuwa akituambia, na alisema kwa fahari, kama fundi anayesifu mkono wake.

Wakati wa kiangazi hatukumwona kabisa. Mvua za masika zilipoanza ndipo aliporudi Migosi, kwenye nyumba yetu ya kupanga, akiwa na harufu ya turubai na dizeli. Alileta vijisabuni vilivyotumika nusu, chupa ndogo za jemu, vitambaa vya meza vyenye madoa ya mvinyo ambavyo mama alivifua mpaka akachoka. Mvua ikipiga mabati, mama akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, baba alitengeneza mkate. Aliuweka kwenye sufuria, akaifunika, akapanga makaa juu ya kifuniko na mengine chini. Majirani walikuja kusimama mlangoni wakijifanya wameleta salamu. Jirani yetu wa ukuta mmoja alimtania kwamba amegeuka mke wa pili wa nyumba, na baba alicheka tu, akamkatia kipande kikubwa kuliko vyetu.

Shuleni nilikuwa mtu mkubwa. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa nisimulie habari za simba na ndovu, kwa kuwa baba yangu yuko huko. Nilisimulia. Nilidanganya bila haya, rafiki yangu, maana hatukuwahi kuona ndovu hata mmoja. Wanyama wetu walikuwa viboko wa ziwani waliokula mahindi ya bibi, na wale korongo wenye vipara waliokaa kwenye majalala ya mjini. Baba aliahidi kutupakia kwenye lori siku moja, safari ikiwa tupu. Safari haikuwahi kuwa tupu.

Badala yake alitufundisha kazi yake, nasi tuliipenda kama mchezo. Bibi alipokuja Jumapili kutoka ufuoni na samaki wake kwenye kikapu, tulitandika meza uani, tukakunja vitambaa, tukapanga wale samaki, ngege, na ugali na mboga ya osuga, tukaweka maji ya kunawa. Kisha baba alitoa ishara kwa kidole kimoja, nasi sote tukapotea nyuma ya mlango wa jikoni, mikono midomoni, tukibana kicheko. Bibi alitoka, akaangalia ile meza, akaangalia ua mtupu. Hakukaa.

"Chakula haina watu mimi sikuli," akasema kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. "Hii ni ya jochiende. Tokeni huko."

Jochiende ni mizimu. Tulitoka tukicheka, tukamzunguka, na kila mtu akakata tonge. Baba pekee ndiye aliyejisikia vibaya kidogo. Alimwambia bibi kwamba Wazungu wanaipenda sana namna ile. Bibi akamjibu kwa Dholuo kwamba basi Wazungu wana shida, akaendelea kutoa miiba.

Kiangazi kimoja, nilipokaribia kumaliza shule ya msingi, mpishi wa baba alikuja nyumbani peke yake. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai. Ndugu zangu wadogo walikuwa nje. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha mama, hakuna aliyenifukuza.

Alisema baba aliamka na maumivu ya tumbo, upande wa kulia chini, ugonjwa ambao baadaye daktari aliuita kidole tumbo. Walikuwa jangwani, mbali na zahanati yoyote. Lakini gari la wageni lilikuwa na simu ya setilaiti ya kuita ndege, na wageni walikuwa upande wa pili wa kilima wakipata chai ya asubuhi. Mwendo wa kutembea tu.

Mama akamuuliza, "Na wewe ulikuwa hapo. Mbona hukuenda kuwaita?"

"Mama, mimi nilitaka kwenda," mpishi akasema. "Tulikuwa tunawasikia wakicheka. Yeye ndio alikataa. Alisema waache wamalize chai."

Walipomaliza chai waliondoka. Baba alibomoa kambi, akaendesha lori kutwa nzima akiwa amejikunja juu ya usukani, akasimamisha hema lao mahali pengine, akanyoosha shuka, akawasha taa, akajificha. Kesho yake hakuweza kusimama. Mpishi akaacha kumsikiliza, akapanda kilima akakimbia. Mgeni mmoja, mwanamke, alipomwona alipiga yowe, akadhani ni mwizi. Simu ikapigwa. Ndege ilikuja haraka sana, mpishi alisema, haraka kuliko alivyofikiri. Baba alikata roho kabla haijatua.

Yule mwanamke alilia, akarudia maneno yale yale: hawakujua kwamba baba na mpishi wako karibu namna ile.

Tajiri alileta jeneza zuri. Miezi ilipopita, wageni nao walituma bahasha ya picha za safari, wakidhani watatufariji. Mama aliketi nasi kitandani, akazitazama moja moja, kisha akazirudia tangu mwanzo. Swala, mchanga, meza yenye maua ya porini, kitanda, wao wawili wakicheka. Baba hakuwemo hata kwenye moja. Mama alipofika kwenye picha moja yenye kilima nyuma, aliiweka karibu na macho kwa muda mrefu.

Siku hizi yadi ya Nyamasaria ni maghorofa. Bibi hayupo, mama hayupo. Biashara yenyewe imenenepa, na sasa watoto wetu pia wanailipia. Tajiri nilimchukia miaka mingi, kisha nikachoka. Wageni sikuwahi kuweza kuwachukia sana, walipewa walichonunua. Anayenishinda kusamehe ni baba. Watu wakiuliza alikufa kwa nini, nasema tumbo. Si kweli. Baba alikufa kwa adabu, na nikiugua leo, rafiki yangu, hadi nilazwe wodini, huwa nauma shuka nikingoja muuguzi amalize mazungumzo yake.