Chai ya Mwisho wa Mwezi

Ukitaka kumdhulumu mtu pasipo kelele, kwanza mwite mwanao. Bwana mwenye dobi alilijua hilo kuliko alivyoijua sabuni. Wafanyakazi wake wote, hata yule bibi wa kufua aliyemzidi umri, walimwita Baba, naye akawaita wanangu. Kwa damu, ni mmoja tu kati yao aliyemhusu, naye ni mpiga pasi. Marehemu baba yake alikuwa kaka wa huyo bwana. Alipofariki, binti akiwa bado anajifunza kusoma, Baba Mdogo ndiye aliyelipa ada, akanunua viatu, na akampa mjane chumba cha uani, nyuma ya nyumba yake, akae bure.

Binti akakua, akazaa mtoto wake mmoja, akapanga chumba chake, na miaka yote hiyo mkate wake ulitoka pale dobi, lililokuwa geti moja na nyumba ya Baba. Walifua mashuka ya hoteli mbili na ya kliniki moja. Bibi wa kufua aliyaloweka na kuyasukuma kwenye mashine, mwanamume mmoja mrefu aliyeitwa Kamba akayaanika na kuyaanua, kisha yakaangukia mezani kwa Dada Pasi. Hilo ndilo jina walilompa, naye alilipenda. Chumba chake kilikuwa na bati juu na dirisha dogo kama la kuuzia tiketi, joto lake la kumkaanga mtu. Mikono yake kuanzia kiwikoni kushuka ilikuwa na alama za moto, mpya juu ya za zamani. Lakini shuka likitoka kwake unaona aibu kulilalia.

Sasa, mishahara pale haikulipwa kazini. Mwisho wa mwezi wote walikwenda sebuleni kwa Baba, wakavua viatu mlangoni, wakaketi kwenye zulia. Mama Mdogo alileta chai. Baba aliomba dua, dua ndefu isiyosahau hata mbwa wa jirani, halafu akagawa bahasha moja moja na neno la baraka kwa kila mtu. Ulipokea kwa mikono miwili. Kuhesabu pesa mbele yake ilikuwa sawa na kumtukana. Wenyewe walijisifia utaratibu huo kwa majirani, wakisema sisi si wafanyakazi bwana, sisi ni familia.

Basi bahasha zilipokatika, chai haikukatika. Mwezi wa kwanza Baba alisema hoteli hazijamlipa. "Subira huvuta heri, wanangu," akasema, nao wakanywa, wakashukuru, wakavaa viatu. Mwezi uliofuata mashine ilikuwa imekufa na fundi amekula pesa yote. Baada ya hapo hakujisumbua tena kutoa sababu, ila chai ikaanza kuja na biskuti. Sababu zilivyopungua, biskuti ziliongezeka. Na ndipo walipokosea watu wale, maana angewatukana getini wangemshtaki mwezi uleule. Lakini nani atamdai mtu na biskuti yake iko mdomoni? Walikuja, wakala, wakasema ahsante Baba, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Dada Pasi alikuwa na hasira ya kupasua kikaango. Mwenye nyumba alikuwa amemwondolea balbu ya korido ili ajue kwamba kodi anayodaiwa haijasahaulika. Dukani alishaanza kutuma mtoto wa jirani, kwa sababu sura yake mwenye duka hakutaka kuiona tena. Siku moja akajifunga kibwebwe, akamfuata Baba Mdogo peke yake ofisini.

"Baba Mdogo, hali yangu ni mbaya. Nipe hata nusu."

Bwana akavua miwani taratibu. "Mwanangu, viatu vyako vya kwanza vya shule alinunua nani?"

"Wewe, Baba Mdogo."

"Ada?"

"Wewe."

"Na mama yako leo analala kwa nani?"

"Kwako."

"Basi. Wewe ndiye wa kuwatuliza wenzako, sio kunidai. Njoo wiki ijayo tuone."

Akatoka pale akiwa amesema ahsante. Alifika nusu ya njia ndipo akajisikia anachukia mpaka ulimi wake mwenyewe. Wiki ijayo ikawa wiki ile nyingine, akapigwa kalenda hadi kalenda yenyewe ikachoka.

Akamwendea mama yake kule uani, akamkuta anachambua mchele kwenye kizingiti cha kile chumba chake.

"Nyamaza, mwanangu," mama akamwambia, huku akiangalia dirisha la nyumba kubwa. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Sawa, mama. Sasa hili limebakiza nini?"

"Limebakiza mimi. Nina miaka mingapi mimi? Akinitoa hapa niende wapi? Kwako? Kile chumba chako mkikohoa wawili ukuta unatikisika. Piga pasi, unyamaze."

Wakaachana bila kuagana vizuri.

Mwezi uliofuata waliitwa sebuleni kama kawaida, na safari hii kulikuwa na keki. Mama Mdogo alikuwa amevaa kitambaa kipya, anacheka na kila mtu. Baba alimaliza dua, akatoa bahasha. Watu wakanyoosha migongo. Kamba akapokea ya kwake kwa mikono miwili, akaifungua palepale, adabu ameisahau, na ndani mkawa na kadi yenye maua ya dhahabu. Bintiye Baba alikuwa anaolewa.

"Ndugu yenu huyu," Baba akasema, na sauti ilikuwa imejaa mapenzi. "Nimeandika mchango wa kila mmoja hapo chini. Wala msihangaike kutafuta pesa, najua hali zenu. Nitakata kwenye mshahara."

Bibi wa kufua aliinamia kikombe chake utadhani amedondosha kitu ndani.

"Utakata kwenye mshahara upi?" Dada Pasi akauliza.

"Nini, mwanangu?"

"Nimeuliza upi. Ule wa tangu kiangazi au huu wa leo? Maana yote hatujaiona. Labda unayo mingine unayotukatia bila sisi kujua."

"Mbele ya wageni wangu?"

"Wageni gani? Hawa ni wafanyakazi wako. Ukumbi wa harusi umelipia?"

"Nimelipa! Mtoto wangu ataolewa kwa heshima!"

"Kwa hiyo pesa ipo."

Mama Mdogo akasonya. Baba alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Nimekulea! Nimekuvika! Kweli fadhila za punda ni mateke!"

"Punda hulishwa majani, Baba Mdogo. Mimi nimelishwa biskuti."

Akakirudisha kikombe kwenye sinia kikiwa kimejaa, akatoka. Maisha yake yote hakuwahi kumjibu mtu yule. Alidhani atasikia mlango ukifunguka nyuma yake na watu wote wakitoka. Akatoka Kamba peke yake, viatu mkononi, anamkimbilia. Wengine walibaki wakala keki. Nasema wazi, hata mimi ninayesimulia siwasamehe.

Wawili hao wakaenda ofisi ya kazi. Afisa aliyewapokea alikuwa mwanamke mwenye mafua na faili mpaka kidevuni. Aliuliza mkataba, hawakuwa nao. Aliuliza stakabadhi, hawakuwa nazo. Mnasaini wapi mkipokea? Hatusaini, wakasema, tunaombewa dua. Afisa akapenga kamasi, akaandika wito.

Siku ya wito Baba alikuja na suti ya kijivu, amemleta shemeji yake, mama yake Dada Pasi, kwenye gari, kiti cha mbele. Miaka yote aliyokaa uani hakuwahi kukikalia kiti kile. Wakati Baba anaegesha, mama akamkuta binti yake kwenye korido.

"Nimeambiwa nikamsemee," akasema, hata salamu hakutoa. "Nisipomsemea nihame leo. Umefurahi? Umeniponza, wewe."

"Sikukuleta mimi hapa, mama."

"Ungenyamaza nisingeletwa."

"Basi kaseme anachotaka. Mimi sikuombi kitu."

Waliingia ndani wakiwa hawatazamani.

Baba aliongea vizuri, hilo tumpe. "Mheshimiwa, hapa hakuna kesi, ni mambo ya nyumbani tu yamevuka uzio. Huyu si mfanyakazi. Huyu ni mwanangu. Kaka yangu alimwacha mdogo, nikamlea kwa mkono huu. Akija pale dobi anakuja kunisaidia kama mtoto anavyomsaidia mzazi wake, nami huwa nampa chochote ninachojaliwa. Kwani mtoto kumsaidia mzazi imekuwa kosa?"

"Na huyu?" Afisa akamwonyesha Kamba.

"Huyo ni kibarua, anakuja siku akijisikia. Nilishamalizana naye."

Kamba alitaka kuruka juu ya meza, Dada Pasi akamshika shati. Afisa akamgeukia yeye.

"Dada, huyu ni baba yako?"

Swali lenyewe ni dogo, lakini lilimrudisha utotoni. Vile viatu vya shule alivipenda sana. Alilala navyo. Yule mtu aliyemfunga kamba za viatu siku ile alikuwa huyuhuyu.

"Hapana," akasema. "Baba yangu alikufa. Huyu ni tajiri wangu, na hajanilipa."

"Umesikia, shemeji?" Baba akamgeukia mama, na macho yalikuwa yamemlowa kweli, au aliyajua kuyalowesha. "Ananikana! Mwambie mheshimiwa. Sema ukweli, huyu ni nani kwangu?"

Mama alikuwa anavuta ncha ya kanga yake, anaikunja, anaikunjua. Dada Pasi aliangalia sakafu, maana jibu alishalijua, na alikuwa ameanza kumchukia mama yake kabla hajalitamka.

"Shemeji," mama akasema, "bibi harusi wetu, amewahi kufika dobi?"

"Hilo linahusu nini?"

"Nakuuliza. Amewahi kupiga pasi shuka hata moja?"

"Yule ana masomo yake, shemeji. Usivuruge."

"Yale ya kliniki, yenye damu. Siku moja tu, kumsaidia mzazi wake?"

Mama akamgeukia afisa. "Mwandike huyu mfanyakazi. Nilikuwa namwona akiingia dobi alfajiri na kutoka jioni, na mikono yake unaiona mwenyewe. Mwana tunamjua alivyo."

Afisa akaandika. Baba akaamriwa alipe malimbikizo yote, ya Dada Pasi na ya Kamba, na mkaguzi akapangwa kwenda dobi kuwahoji waliobaki. Koridoni Baba hakupiga kelele. Alimwambia mama kwa adabu kubwa, "Shemeji, kile chumba nakihitaji leo," akaingia garini, akaondoka. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Jioni hiyo wakahamisha vitu. Kamba alibeba godoro kichwani, Dada Pasi akabeba sufuria na ndoo, mama akabeba mwavuli tu na hasira zake. Bibi wa kufua alikuwa getini na tenga la mashuka. Hakumsalimu mtu, aliuliza tu kwa sauti ya chini ile ofisi ya kazi hufungwa saa ngapi. Mama akampita.

Chumbani kwa Dada Pasi godoro lilienea likagusa mlango. Mjukuu akafurahi, akalirukia, akakemewa. Mama akaketi juu yake na mwavuli wake magotini, hajauweka chini.

"Ahsante, mama," Dada Pasi akasema.

"Usinishukuru. Nilikuwa na chumba mimi, na dirisha. Leo nina miguuni pa kitanda chako tu."

"Utakaa hapa kwa amani. Hakuna atakayekufukuza. Kwangu ni kwako, hutalipa kitu."

Mama akacheka, kicheko kikavu kisichopendeza. "Yule naye alisema hivyohivyo. Siku ya arobaini ya baba yako, maneno hayohayo. Sikiliza. Kesho utatafuta kazi nyingine, na huyu mtoto atabaki na mimi. Nitampikia, nitamwogesha, nguo zenu nitafua. Mwisho wa mwezi utanilipa. Tukubaliane bei sasa hivi, kabla hatujazoeana."

"Mama! Nikulipe wewe?"

"Ndiyo, mimi."

Dada Pasi alifungua mdomo amwambie, lakini mimi ni mwanao. Neno lilifika kwenye meno, akalisikia linavyonuka. Akalimeza, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia ili macho yao yawe sawa.

"Kiasi gani?" akauliza.