Nsimire na Mzingo wa Besani

Wenzangu tuliosoma Bukavu kabla simu hazijaingia mifukoni, mnakumbuka hesabu zetu? Tulikuwa tunaziimba. Pale shuleni kwetu Cimpunda mvua ikipiga mabati, Monsieur wa hesabu aliacha kufundisha, akatuambia turudie tuliyoandika. Tulisimama, mikono tumefunga kifuani, tukaishinda mvua kwa kelele: "La circonférence égale diamètre fois trois virgule quatorze!" Yaani mzingo wa duara ni kipenyo mara tatu mkato kumi na nne, tatu na ushee. Tuliisema kwa Kifaransa, neno kwa neno, kama rozari. Niliimba vizuri mno. Kuelewa, sikuelewa hata chembe.

Kilichonisumbua ni ile namba. Tatu, sawa. Lakini zile za nyuma ya mkato zilitoka wapi? Nani alikaa akaamua? Nilimwuliza dada yangu mkubwa, akanituma nikaoshe sahani. Kumwuliza Monsieur, thubutu! Enzi zile mwalimu ndiye aliyeuliza, siyo kama hawa wa leo wanaobishana naye mpaka kengele inalia.

Aliyekuwa na subira nami ni Nsimire, rafiki yangu wa benchi moja. Siku moja nyuma ya nyumba yao, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zimeanikwa juani na nzi wamejaa, alichukua besani ya mama yake, akaizungushia kamba, akaikata pale ncha zilipokutana. Kisha akaipima ile kamba juu ya mdomo wa besani, kutoka ukingo huu hadi ule kupitia katikati.

"Angalia. Inaingia moja, mbili, tatu. Na hapa kanabakia kapande. Njo ile virgule quatorze."

Akafanya vilevile na sufuria, halafu na kifuniko chake. Kila mara tatu, na kapande. Alicheka kwa furaha. Mimi nilikodoa macho tu; nilidhani anakata kamba vibaya.

Mtihani wa mwisho wa mwaka tulisimama mbele mmoja mmoja. Nsimire aliuhitaji kuliko sisi sote, maana baba yake alishasema, "Ukirudilia mwaka, unaenda Kamanyola kwa shangazi yako, utamusaidia mu shamba. Masomo imeisha." Monsieur akamwuliza mzingo wa duara unapatikanaje. Kifaransa kilikuwa kinamkwama kooni siku zote.

"Monsieur, naweza kuonyesha na kamba. Inaingiaka mara tatu..."

"En français, mademoiselle!"

Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akapewa sifuri, na sifuri hiyo ndiyo iliyomwangusha mwaka. Nikaitwa mimi, nikaimba wimbo wangu, darasa likanipigia makofi. Shule ilipofunguliwa tena, Nsimire alikuwa ameshapelekwa Kamanyola. Niliumia sana, na nilichanganyikiwa. Nilipanda darasa nisilolielewa, na aliyeelewa akabaki nyuma.

Leo binti yangu yuko darasa lile lile. Watoto wa siku hizi simu inawajibu kabla hawajamaliza kuuliza, na besani kichwani hawawezi kuibeba hata mpaka mlangoni. Juzi akainua macho kwenye simu.

"Maman, hii trois virgule quatorze inatokaka wapi?"

Nikafunga mikono kifuani, nikaimba yote. Akaningoja nimalize.

"Hiyo naiona mu simu. Nauliza inatoka wapi."

Nikamweleza habari ya kamba na besani.

"Sasa juu ya nini kale kapande kanabakia?"

Kwa nini kinabakia, hilo sikulijua. Zamani hatukuwa na simu, lakini nilikuwa na mtu wa kumwuliza. Nikamwambia kwamba aliyejua alikaa benchi moja nami, wakamtoa shuleni kwa sababu hakuweza kuisema kwa Kifaransa.

"Na leo iko wapi, ule maman?"

Sijui. Sikuwahi kwenda kumtafuta.