Gitaa la Baba Mkwe, Lenye Digidigi Mgongoni

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Siku niliyopelekwa kwa mara ya kwanza kumwona baba wa mchumba wangu, kwao kwenye vilima vya Kangundo, nilikuwa nimejaa woga na chai, na mtu aliyejaa woga na chai husema lolote linalomjia. Mzee aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Machakos. Akaitikia kwa heshima, bila furaha. Nikaongeza kwamba Jumamosi napiga gitaa la solo katika bendi, kwenye harusi na harambee. Hapo akaweka kikombe chini. Nilipoona kikombe kimewekwa chini nikavimba kichwa, nikamwambia gitaa ninalopiga ni lile lake la zamani.

Na lilikuwa lake kweli, msinifikirie vibaya. Enzi za ujana wake mzee huyu alilipiga kutoka Tala hadi Konza, watu wakacheza mpaka viatu vikaomba msamaha. Alipookoka alimwachia mwenzake wa bendi. Mwenzake huyo ndiye aliyenifundisha mimi, na alipofariki mjane wake akaniita, akanikabidhi gitaa, akasema ameshindwa kulala nalo nyumba moja.

"Ile nyekundu?" mzee akaniuliza.

"Ndiyo, mzee," nikajibu.

Sasa, hilo gitaa lilikuwa la buluu. Lakini ungekuwa wewe ungesemaje? Aliuliza ni lipi, nami nikajibu ni hilo. Sikuulizwa habari ya rangi ya sasa.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze lilivyokuwa. Lilikuwa gitaa la umeme la umbo lile ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza ukimwambia achore gitaa la umeme, ndilo atakalochora: pembe mbili juu, ya kushoto ndefu na ya kulia fupi, kiuno chembamba, kibao cheupe cha plastiki kifuani, sumaku tatu za kunasa sauti zimepangwa chini ya nyuzi, na swichi ndogo ya kuchagua ni sumaku ipi isikike. Yapo mengi duniani. Ila hilo lilikuwa jekundu la kung'aa, na wazee wa Kangundo waliliota.

Shingo ilivunjika Tala, kwenye harusi ambayo mjomba wa bwana harusi alipanda jukwaani kutupongeza akalikanyaga. Nikapata shingo nyingine Nairobi, nyeusi badala ya ile nyeupe ya kwanza, nene kidogo, lakini inashika sauti vizuri. Sumaku ya katikati ilikufa yenyewe, nikaitafutia mrithi. Mrithi akazitia aibu zile mbili, nikazibadilisha nazo. Vikazio vya nyuzi vilichoka, vikaenda. Ule mkono wa chuma wa kutetemesha sauti niliung'oa kwa hasira katikati ya wimbo, na sijui uliangukia wapi. Rangi ilibanduka, basi rafiki yangu anayepaka magari rangi akalipuliza buluu iliyobaki alipopaka mlango wa basi la shule. Kisha pembe ndefu ikakatika, nikaipeleka kwa mchongaji Wamunyu.

Mchongaji wa Wamunyu, kama hujamjua, ni mtu aliyezaliwa na patasi mkononi. Nilimwambia aniunganishie kipande cha mti tu. Aliunganisha, tena kwa mti wa mukau, ukakaa sawasawa usione kiungo. Lakini nilipogeuza gitaa, mgongoni palikuwa na digidigi. Digidigi mzima, na macho yake makubwa na vipembe vyake, ananitazama.

"Hii sikuomba," nikamwambia.

"Mwalimu," akanijibu, akipuliza vumbi, "mti bila mnyama ni kuni."

Niliacha. Watazamaji waliupenda sana ule mgongo, hata wakawa wananiomba nigeuke.

Basi wiki chache baada ya ile chai, mchumba wangu akanipigia simu. Hakusema hujambo wala habari.

"Ulimwambia baba nini?"

"Kwani amesema nini?"

"Ameambia majirani wote gita yake inarudi nyumbani na mkwe. Ameambia kanisa. Ameenda mpaka kwa fundi wa viatu akashonewa mshipi mpya wa ngozi wa kuvalia gita. Anataka uje nayo siku ya ntheo aione kwanza."

"Sawa si nitakuja nayo?"

"Iko na rangi gani?"

Nikamuuliza kama kwao mvua imenyesha.

"Baba amesema hivi," akaendelea polepole, ili nisipitwe na neno. "Mwanaume anaweza kudanganya juu ya shamba, hiyo anasamehe. Lakini mwenye anadanganya juu ya gita atadanganya juu ya bibi. Akiona umemletea ingine, mbuzi warudi nyumbani."

Hapa niseme kidogo kwa asiyetujua. Ntheo ni mbuzi watatu ambao Mkamba huwapeleka kwa wazazi wa msichana. Wakipokelewa, mmoja akachinjwa na kuliwa pamoja, huyo ni mke wako, hata kama hujawahi kuona keki ya harusi. Wasipopokelewa, unawafungua kamba na kurudi nao, na njia nzima watu wanawahesabu. Nilikuwa nampenda msichana yule mpaka nasahau kula. Kumkosa kwa sababu ya rangi ya mlango wa basi kungeniua.

Bendi ikakutana kwenye jukwaa la mazoezi. Mpiga besi wetu, ambaye hukimbilia uongo kama kifaranga mbawani, akasema tuazime jekundu la bendi ya pale Mavoko. Nikamwambia hapana; gitaa la kuazima ndilo litakalokuwa uongo kamili, mpaka sasa nina nusu tu. Mpiga ngoma akauliza kwani ni nini cha gitaa la zamani kilichobaki. Tukahesabu kwa sauti. Mwili, ukitoa pembe moja. Kibao cheupe, ambacho sasa kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Na daraja linaloshikilia nyuzi. Tukatazamana, tukaangua kicheko kama wehu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Niliporudi kwa mchumba wangu na hesabu hiyo, hakucheka. Alifikiri, akasema, "Kwetu shosho alikufa, babu akakufa, wajomba wakahama, wake wakaletwa kutoka mbali. Na bado watu wanasema ni boma lile lile. Peleka hiyo gita. Usiseme kitu, mwache aishike."

Siku ikafika. Baba mdogo wangu, mchunga ng'ombe wa Konza ambaye kofia yake haivuliwi hata kanisani, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Mbuzi walifungwa kwenye mti wa avokado. Gitaa lilikuwa mikononi mwangu, nimelifunga kwa leso kama mtoto mchanga, na wamama wa pale walijaribu kulichungulia jinsi wanavyochungulia mtoto mchanga. Mzee alikuwa ameketi katikati ya uwanja na koti lake la Pasaka. Mabegani, mshipi mpya wa ngozi.

Baba mdogo akasema ya kusemwa kuhusu mbuzi. Mzee akapunga mkono. "Mbuzi nimeona. Fungua hiyo."

Nikafungua leso. Buluu ya mlango wa basi la shule ikang'aa juani.

"Hii ni nini?"

"Ni gita yako, mzee."

"Yangu ilikuwa nyekundu."

"Ilipakwa rangi, mzee."

"Shingo ilikuwa nyeupe."

"Ilivunjika Tala. Ilikanyagwa."

Akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye vipembe. "Na huyu?"

"Ni digidigi, mzee."

"Naona ni digidigi. Nauliza anafanya nini hapa."

Kicheko kikaanzia kwa wamama, kikapita kwa vijana, kikamfikia hata baba mdogo wangu, aliyepaswa kunitetea. Mimi nilikuwa kati ya kucheka na kulia. Niliona kwa pembe ya jicho baba mdogo, bado anacheka, akianza kusogea kuelekea kwenye zile kamba za mbuzi. Mchumba wangu alikuwa mlangoni pa jikoni ameshika mwiko, ameuma mdomo. Sikumbuki kama nimewahi kuomba Mungu haraka vile.

"Leteni umeme," mzee akasema.

Waya ukapitishwa dirishani. Bendi ilikuwa imenisindikiza, na amplifaya yetu ilikuwa kwenye gari. Mzee akafunga mshipi wake mpya, akaliweka gitaa mapajani, na vidole vyake vya kuvuna kahawa vikagusa nyuzi. Vilikuwa vizito. Noti ya kwanza iliumiza masikio, ya pili ilimuumiza yeye. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hii si..."

Lakini kidole chake kidogo kilikuwa tayari kimeshuka chenyewe kwenye swichi.

Swichi ile ya zamani ilikuwa na vituo vitatu tu, kila sumaku na chake. Na wapigaji wa zamani wa muziki wa benga waligundua kwamba ukiikwamisha kati ya kituo na kituo, sumaku mbili zinaimba pamoja, na unapata ile sauti nyembamba ya kulia puani, ile inayofanya mabega ya Mkamba yaanze kutikisika kabla hajapewa ruhusa. Shida ni kwamba swichi haikukubali kukaa pale. Walitia kijiti cha kiberiti kuizuia. Ikitetemeka kidogo, kijiti kinaruka na wimbo unaharibika. Nilipolitengeneza niliweka swichi ya vituo vitano, kwa sababu nilichoka kutafuta vijiti gizani.

Kidole cha mzee kilisukuma swichi nusu, kikangoja, kama kilivyofundishwa ujanani, kuishikilia. Swichi ikalia ta, ikatulia penyewe. Akaondoa kidole. Haikuruka. Akapiga uzi.

Sauti ile ikatoka.

Sikujua mtu mzima anaweza kubadilika uso namna ile. Alipiga tena. Akanitazama.

"Nani ameweka kituo hapa?"

"Ni mimi, mzee."

"Mimi nimetia kijiti hapa maisha yangu yote," akasema, na macho yakamlowa, wala hakuyafuta. "Nilikuwa nasema siku moja nitapata mtu anitengenezee kituo hapa. Aiya! Hapa kabisa!"

Kisha akapiga. Vidole vilikumbuka kimoja kimoja, kwa kuchechemea, halafu kwa mbio. Mpiga besi wetu alishindwa kujizuia, akachomeka lake. Wamama wakaingia uwanjani. Katikati ya wimbo baba mdogo akamwinamia mzee, mkono mmoja bado kwenye kamba, akamuuliza kwa adabu kama mbuzi warudi.

"Warudi wapi?" mzee akafoka, bila kuacha kupiga. "Hii ni gita yangu! Chinja!"

Nilirukaruka. Mwalimu mzima, mbele ya wakwe, niliruka kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Mchumba wangu alinirushia mwiko, ukanipiga begani, na sijawahi kupigwa vizuri hivyo.

Nyama ikachomwa, ikaliwa, jua likaanza kuegemea upande wa Nairobi. Tukaanza kuaga. Gitaa lilikuwa bado mapajani kwa mzee. Nikakohoa. Nikazungukazunguka. Nikasema kwa sauti kwamba Jumamosi tuna harusi Lukenya. Mzee akageukia upande wa pili akaendelea kupiga.

Ndipo mchumba wangu akatoka jikoni, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Baba. Huyu mtu hawezi kurudi mikono mitupu. Ni gita ama ni mimi. Chagua mwenye anaenda."

Mzee akaacha kupiga. Akamtazama binti yake, kitinda mimba wake, aliyemlea kwa kumbeba shingoni. Akalitazama gitaa. Akamtazama binti tena.

"Wacha nifikirie," akasema.

Watu walianguka. Nasema walianguka, kuna jirani aliyekaa chini kwenye majani na sahani yake. Mchumba wangu alijaribu kukasirika akashindwa, akajifunika uso kwa leso mabega yakimtetemeka.

"Mchukueni msichana," mzee akasema mwishowe, na akarudi kwa nyuzi zake.

Mama mkwe alikuja kando yangu, mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani. "Usijali, mwanangu," akaniambia chini chini. "Mimi nilimuuliza swali hilo hilo wakati tumeokoka. Alichagua mimi. Na amekuwa mume mzuri, lakini kila Jumamosi jioni alikuwa anakaa tu hapo nje, mikono iko namna hii." Akanionyesha mikono mitupu, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu.

Nililipenda gitaa lile, mchana ule nililipenda kuliko siku zote, na nilijua sitalidai. Tukapanda gari, mke wangu katikati, baba mdogo na kofia yake dirishani. Nilipogeuka kutazama, mzee alikuwa bado anapiga, na mama mkwe amevuta kigoda karibu naye na sahani ya mbavu, anamtilia nyama mdomoni kipande kwa kipande, ili asiache.