Jiko la Darasa la Kwanza

Mwalimu Lusungu alikuwa mtu wa kuwaonea watoto huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Alifundisha darasa la kwanza katika shule ya kijiji kimoja kule Suma, kwenye milima ya Tukuyu, miaka ile ya ruksa baada ya ujamaa, wazazi walipoanza kuambiwa kwamba sasa kila kitu ni kuchangia: madawati, chaki, hata mlango wa choo. Madirisha ya darasa lake yalikuwa mashimo matupu. Julai ikifika, ukungu uliingia ndani ukakaa na watoto kwenye madawati. Walikuja peku, wamelowa manyunyu ya njiani, na vidole viliwafa ganzi hadi penseli zikawadondoka. Mwaka 1993 wawili waliacha shule kwa vichomi. Lusungu akasema imetosha.

Aliwaomba wazazi mbao, wakatoa. Fundi Nurdin, seremala wa Makandana, akaja akatengeneza madirisha kwa wiki moja. Alipomaliza, Lusungu alimwonyesha matundu ya hewa chini ya paa.

"Na hayo uyazibe, fundi. Upepo unapita humo humo."

Nurdin akacheka kidogo. "Mwalimu, nyumba nayo inapumua."

"Wapumue watoto kwanza."

Fundi akakunja magunia, akayashindilia kwenye matundu. Kesho yake Lusungu alileta jiko lake la mkaa kutoka nyumbani, akaliweka katikati ya darasa, mlango akauacha wazi ili watoto watoke na kuingia.

Kwa wiki mbili shule nzima ilimsifu. Watoto walitoa mikono kwapani, wakaandika. Mwalimu mkuu, Obed, alikuwa akiingia kukagua madaftari, kumbe anaota moto.

Alhamisi moja mvua ilinyesha kwa upepo tangu alfajiri, ikawa inapiga hadi ndani. Lusungu akafunga mlango. Akajaza mkaa, akawaandikia watoto herufi za kunakili, akaenda ofisini kuandika ripoti za muhula. Baadaye alirudi akasimama barazani, akasikiliza. Kimya. Watoto arobaini na sita, hata kikohozi hakuna. Moyo wake ulifurahi: leo wametulia. Hakutaka kuwakatiza. Akarudi ofisini kumalizia ripoti.

Alipofungua mlango hatimaye, walikuwa wamelalia madawati. Alipiga makofi kwa utani, awaamshe. Wachache wakainua vichwa, wakatapika. Ndipo alipopiga yowe.

Walimu waliwabeba watoto wakawalaza nje mvuani, na mmoja mmoja walizinduka wakilia. Ambwene hakulia. Alikuwa binti wa miaka saba mwenye kifua kibovu, na ni Lusungu mwenyewe aliyekuwa amemhamishia karibu na jiko.

Hospitalini, daktari alimwita mwalimu pembeni.

"Mlikuwa na moto ndani?"

"Jiko la mkaa."

"Na madirisha?"

"Tulifunga."

Daktari akashusha pumzi. "Mkaa una hewa mbaya, haionekani wala hainuki. Hiyo ndiyo iliyomuua."

Lusungu aliporudi kijijini, alikuta habari nyingine imeshamtangulia. Jirani na shule aliishi Bibi Sekela, mjane, ambaye wiki iliyopita aliwafokea wanafunzi kwa kumwibia ndizi, akawaambia watakiona. Sasa watu walikuwa wanaulizana: watoto darasa zima kulala mara moja, mchana kweupe, bila homa, bila moshi, ni ugonjwa gani huo, kama si mkono wa mtu?

Lusungu alikuwa na jibu mdomoni. Alijiambia asubiri mazishi yapite kwanza. Kesho yake, makaburini, Jenifer, mama yake Ambwene, alimwangukia kifuani akalia, "Mwalimu, mwanangu alikupenda kuliko sisi wote." Lusungu akamshika, akanyamaza tena.

Siku ya tatu asubuhi alisikia mapanga. Vijana walikuwa wanafyeka migomba ya Bibi Sekela, mmoja baada ya mwingine, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameitisha mkutano ili bibi afukuzwe. Lusungu akaenda mkutanoni, akasimama kabla hajaitwa.

"Mwacheni mama huyu," alisema. "Ni mimi. Ni jiko langu." Akaeleza yote, tangu magunia hadi maneno ya daktari.

Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Mwalimu amechanganyikiwa kwa huzuni. Moshi gani usioonekana?"

Lusungu alimgeukia Obed. Obed alikuwa anatazama viatu vyake.

Jenifer ndiye aliyeinuka. Alikuja mpaka mbele yake. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Na jana uliponishika, ulikuwa unajua?"

Jenifer alijifunga kanga vizuri, akaenda zake, na hakusema naye tena maisha yake yote.

Mkutano haukumfukuza bibi, lakini nusu ya kijiji iliendelea kuamini ilichoamini. Mwezi haukuisha, bibi akahamia kwa binti yake, kijiji cha Nkunga. Lusungu alisimamishwa kazi mwaka mzima, kisha akapangiwa shule ya mjini Tukuyu. Huko walimu wenzake walimlalamikia kwa kelele za darasa lake. Hakuweza kuwaacha watoto wanyamaze. Aliwasomesha kwa sauti, aliwaimbisha, hata wakati wa kuandika aliwataka watamke kila herufi. Na wakinyamaza kidogo tu akiwa nje, alirudi mbio akausukuma mlango, nao walimtazama kwa mshangao, penseli mikononi. Akiita majina asubuhi, mara nyingine ulimi ulimteleza akataja la Ambwene, kisha akangoja, kana kwamba kuna wa kuitika.

Mwaka wa tatu tangu msiba alijikaza akaenda Nkunga. Alimkuta Bibi Sekela barazani anapukuchua mahindi, akapiga magoti.

"Mugonile, bibi," alimwamkia Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Kaa."

Alimwomba msamaha. Bibi aliweka gunzi kando.

"Siku ya kwanza walinipita njiani bila salamu," alisema. "Ya pili wakanizuia kisimani. Ya tatu wakaja na mapanga. Siku zile mbili za mwanzo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, bibi. Nilikuwa naogopa."

"Basi hata mimi nilikuwa naogopa."

Hakusema amesamehe, wala hakumfukuza. Aliingia ndani akatoka na sahani ya viazi na maharage, akaiweka katikati yao. Lusungu alinawa mikono, akala alichopewa.