Kompyuta ya Bosi Ilipogoma

Sikuiiba. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia habari hii hakosekani mtu wa kuniuliza. Niliiazima siku mbili bila mwenyewe kujua, na niliiazima kwa woga, si kwa tamaa.

Nilikuwa mpiga chapa katika mradi mdogo wa samaki, ofisi ya vyumba vitatu mjini Mwanza. Vijana wa mradi walikwenda kwenye mialo ya Pasiansi na kwingineko alfajiri, mitumbwi iliposhusha, wakapima sangara na sato kabla wachuuzi hawajawachukua, na kuandika urefu na uzito kwenye fomu. Jioni bosi aliziingiza zile namba kwenye kompyuta yake ndogo ya kupakata, kwa vidole viwili, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilibaki na taipureta yangu na barua zake.

Miaka ile neno "kupunguzwa" lilikuwa limeingia kila nyumba. Baba alipunguzwa kiwanda cha pamba kilipouzwa, na tangu hapo nyumba yetu nzima pale Pasiansi ilikula kwa mshahara wangu. Kisha ofisi ya jirani ikawaaga wapiga chapa wawili waliokuwa na miaka mingi kazini, ikaajiri binti mmoja anayejua kompyuta. Nilimwona yule binti akipita na kucha zake ndefu, nikamchukia bila kosa. Nilijua zamu yangu inakuja.

Kwa hiyo bosi alipokwenda Dar kwenye mkutano, akaniachia ufunguo wa kabati na kusema, "Binti, Ijumaa ichomeke kwenye umeme betri isife. Lakini isitoke humu ndani," niliitikia, "Sawa mzee," huku nimeshapanga itatokaje. Ijumaa jioni ilikuwa ndani ya kikapu changu, chini ya khanga na fungu la mchicha.

Kompyuta ile ilikuwa nzee. Sehemu yake ya ndani ya kuhifadhia kazi ilikufa zamani, kwa hiyo haikuwaka mpaka uilishe diski moja nyembamba ambayo bosi aliiandika KUWASHIA. Kazi zenyewe zilikaa kwenye diski nyingine nne. Nilikuwa nimemchungulia begani mara nyingi, nisingeshindwa kuiwasha. Jumamosi iliwaka mara ya kwanza. Nilishinda nayo kutwa. Nilimwandikia baba jina lake kwenye kioo. Akalitazama, akacheka, akaniambia niliandike tena kwa herufi kubwa zaidi. Sikuwa nimemwona akicheka tangu aache kiwanda. Usiku diski zote tano niliziweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaulaza sakafuni kando ya kitanda.

Jumapili mama alisali ibada ya kwanza, mimi na baba ya pili. Tuliporudi, mama alikuwa amepiga deki nyumba nzima na mfuko haupo sakafuni. Moyo ulinipasuka, kisha nikauona sebuleni, mahali pa heshima.

Hapo mahali napo pana habari yake. Kwa pesa kidogo za mafao baba alikuwa amenunua redio kaseti, na kama walivyofanya wengi wakati ule, aliifungua spika moja kutoka kwenye boksi lake akailaza kifudifudi juu ya mdomo wa mtungi, ili sauti itoke nzito. Mgongo wa spika ukabaki juu, chuma kitupu. Mama hakuvumilia chuma kukaa uchi sebuleni kwake. Alikifunika kwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Tangu siku hiyo kila kitu cha thamani kiliwekwa pale juu: kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, barua ya baba ya kuachishwa kazi. Kilichowekwa pale hakikulowa wala hakikupotea. Nilimshukuru mama, nikachukua mfuko.

Nikaweka diski ya kuwashia, nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Ikakwaruza, krr, krr, ikatulia. Kisha kwenye kioo cheusi ikatokea sentensi ya Kiingereza: hii siyo diski ya kuwashia, weka nyingine, bonyeza kitufe chochote.

Nikabonyeza. Ikakwaruza, ikarudia maneno yale yale. Nikajiambia labda kuna kitufe inachokitaka na haisemi, nikavibonyeza vyote, kimoja baada ya kingine, mstari kwa mstari. Nikaizima. Nikatoa betri, nikairudisha. Nikahamisha waya kwenye soketi ya chumbani kwa wazazi. Nikaipuliza diski, nikaifuta kwa khanga, nikairudisha. Krr, krr. 

"Igonge kidogo ubavuni," baba alisema. "Hata redio hufanya hivyo."

"Baba, hii siyo redio!" Nilimfokea baba yangu mzazi, mchana wa Jumapili, akiwa bado na koti la kanisani. Akatoka nje.

Saa nane umeme wa mgao ukakatika. Betri ilivumilia dakika chache, kioo kikazimika. Ndege ya bosi ilikuwa inatua kesho yake mchana. Sikula siku ile.

Jumatatu kulipopambazuka nilikuwa Nyakato, mbele ya kontena la fundi mmoja aliyekuwa idara ya umeme kiwandani pamoja na baba. Naye alipunguzwa, ila yeye hakukaa kulia. Alitengeneza pasi, taipureta, na siku hizo kompyuta. Alinihoji kama daktari. Iliwaka mara ya mwisho lini? Ilianguka? Iliingia maji? Ilipigwa na umeme? Jumamosi, nilijibu; mengine yote hapana. Akachukua diski ya bosi, akaiweka kwenye mashine yake kubwa, akasikiliza ikikwaruza.

"Dada, kompyuta yako ni nzima," alisema. "Kilichokufa ni hii diski."

Alinitengenezea nyingine pale pale. Akaiingiza kwenye kompyuta ya bosi, akabonyeza, na ile mashine ikawaka kama haikuwahi kuninyima usingizi. Nilipiga vigelegele ndani ya kontena la watu. Fundi alicheka, akasema tuzijaribu na zile nyingine kabla sijaondoka. Ya kwanza ikafunguka. Ya pili, ya tatu, sawa. Ya nne ilikwaruza, ikakwaruza, ikasema haina kitu.

"Humu mlikuwa na nini?"

Kulikuwa na vipimo vya miezi minne. Kila samaki aliyepimwa tangu masika.

"Zililala wapi hizi?"

Nikamweleza: mfuko, sakafu, deki, kitambaa, mtungi. Nilipofika kwenye mtungi aliniinulia mkono ninyamaze. Akatoa spika kuukuu chini ya meza, akaigeuza mgongo, akasogeza bisibisi. Ikamponyoka mkononi ikanasa. "Hii ni sumaku," alisema. "Na diski inaandikwa kwa sumaku. Ukizilaza hapa, za chini zinafutika kama ubao wa shule. Hizi mbili zilizokufa ndizo zilizokuwa chini." Nikamwuliza kama anaweza kuirudisha. Alitikisa kichwa, akakataa hata kunitoza.

Fomu zenyewe zilikuwa na mwisho wake. Bosi akishaziingiza aliniambia nipunguze makaratasi, nami nilimpa mama wa maandazi pale getini afungie. Mji mzima ulikuwa umeshakula vipimo vyetu.

Niliirudisha kompyuta kabatini saa nne. Bosi alifika saa saba, mchangamfu, na pakiti ya korosho aliyoniletea kutoka pwani. Nilimwacha akae. Kisha nikasema maneno niliyoyapanga njia nzima kutoka Nyakato: kwamba Ijumaa niliichomeka kama alivyoniagiza, umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, na leo nilipoijaribu nimekuta diski mbili zimeharibika, ya kuwashia nimetengenezewa nyingine, ya vipimo haina kitu.

Alivua miwani. Akaifuta kwa tai yake.

"Kosa langu," alisema. "Mimi ndiye niliyekwambia uichomeke."

Siku zile Mwanza uongo wa umeme haukuhitaji shahidi. Kazi yangu ilikuwa salama. Ningepaswa kushukuru, lakini nilijisikia nimeoza, na mtu aliyeoza hutafuta wa kumpaka. Nilitembea mpaka nyumbani nimejaa. Mama alikuwa anachambua mchele uani. Sikumsalimu.

"Mama, umenifukuzisha kazi!"

Nilimweleza yote kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikiwa na majirani: kwamba kitambaa chake na usafi wake vimefuta kazi ya wanaume ya miezi minne, kwamba nani alimwambia aguse vitu asivyovijua.  Alishika ungo vile vile, macho chini.

"Huyo mwenye mali anajua?" aliuliza.

"Atajua," nikasema. Nilitaka imuume. Na ilimuuma.

Kesho yake, saa tatu na nusu, mlinzi alichungulia mlangoni. "Dada, mama yako yuko getini. Ana kuku."

Kabla sijainuka, bosi alikuwa ameshatoka kumpokea. Alikuwa mtu wa pwani mwenye adabu. Alimwinamia, "Shikamoo mama," naye mama akajibu "Marahaba," akaingia. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili, miguu ina vumbi mpaka karibu na magoti, kwa kuwa alitembea kutoka Pasiansi. Jogoo tuliyekuwa tunamwekea Krismasi alikuwa chini ya kwapa, miguu imefungwa kwa uzi wa kufumia.

Katikati ya chumba, kwenye sakafu ya saruji, mama alipiga magoti. Bosi, mdogo kwake kwa miaka mingi, alishtuka akataka kumwinua. Mama akakataa. Alianza kusema kwa Kisukuma, taratibu, kama anayesali.

"Anasemaje?" bosi aliniuliza. "Nitafsirie."

Mama alikuwa akisema: Baba, usimfukuze mtoto. Aliileta mashine yako nyumbani ili ajifunze, maana anaogopa kupunguzwa kama baba yake. Mimi ndiye niliyeichafua kazi yako. Niliiweka mahali tunapoweka vitu vyetu vizuri, sikujua. Nimekuja unikasirikie mimi.

Nyumbani hatukusema lugha nyingine na mama. Alizaliwa kijijini upande wa Magu, hakukaa darasani hata siku moja, na sisi watoto tulijua kwamba Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na bei ya nyanya. Tulikuwa tunakichekea. Nilimtazama pale chini, nikamtazama bosi anayesubiri, na nikapima. Sitasema kwamba sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilikuwa nayo.

"Anasema," nikasema, "amekuja kukushukuru kwa kunipa kazi. Tangu baba aachishwe, nyumba inasimama kwa sababu yako. Amekuletea zawadi."

Uso wa bosi ulilainika. Safari hii alimshika mama mikono miwili akamwinua kweli. "Mama, mimi ndiye wa kushukuru," alisema. "Binti yako ni mwaminifu. Wangekuwa wote kama yeye, mradi huu ungefika mbali."

Mama alinigeukia.

"Amekusamehe," nikamwambia kwa Kisukuma.

Alimtazama bosi kidogo, akaitikia kwa kichwa, akamkabidhi jogoo.

Nilimsindikiza mpaka getini. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha: nimepona pande zote mbili. Nilikuwa nikitafuta la kumwambia kuhusu jana, hata pole tu, alipokaza kitenge kiunoni na kusema kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka ambacho sikuwahi kukisikia mdomoni mwake:

"Mwanangu, Kiswahili nakisikia. Miaka yote hii nauza sokoni, ningeuzaje bila kusikia? Siongei tu."

Aligeuka kutazama mlango wa ofisi.

"Rudi kazini," akasema. "Yule baba ni mtu mwema. Usimfanye akungoje."

Akaondoka kwa miguu kama alivyokuja, na mimi nikarudi ndani, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuwa nimeipigania. Nilikaa mradi ule mpaka ulipofungwa. Kompyuta niliijua vizuri, nikawa ndiye ninayeingiza vipimo. Bosi sikumwambia kamwe. Mama naye hakumwambia baba, wala hakunikumbusha. Tuliendelea kuzungumza Kisukuma cha kila siku, cha kuni na maji na nani amezaa. Lakini tangu asubuhi ile, kila alipokuwa na jambo zito la kuniambia, mpaka alipofariki, aliniambia kwa Kiswahili.