Karatasi Zilizobaki Vitandani

Asubuhi moja ya Alhamisi, mwanamke wa Kinango alipandishwa kwenye kitanda cha magurudumu ili apelekwe kupasuliwa tumbo lisilokuwa na ugonjwa wowote. Tangu adhuhuri ya siku ya nyuma yake hakuwa ametia kitu kinywani. Upande wa pili wa wodi hiyo hiyo mama yangu mzazi, mwenye uvimbe tumboni, alikuwa amekwisha kunywa bakuli la uji, na amekwisha kudungwa sindano saba za kidonda cha mguu ambacho hakuwa nacho. Wote wawili walikuwa wametulia. Kila mmoja aliamini kuwa anatibiwa vizuri.

Hayo yalitokea katika miaka ya mwanzo ya uhuru, katika hospitali moja ndogo ya pwani ya kusini. Jina lake naliacha, kwa kuwa waliofanya kazi pale wanastahili sifa kuliko lawama. Wauguzi wa zamani walikuwa wameondoka, na waliokuja badala yao walikuwa vijana, wengi wao watu wa bara, wachache mno kwa kazi iliyokuwapo. Daktari wa kupasua alitoka Mombasa kila Alhamisi, akavuka feri ya Likoni, akafanya kazi yake na kurudi siku hiyo hiyo. Aliyekosa Alhamisi hii alingoja ijayo.

Mimi nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari kule Ramisi. Mama alikuwa na uvimbe chini ya mbavu za kulia, ukubwa wa limau, na kila mwezi ulizidi kidogo. Nilimleta Jumatatu. Akapewa gauni la buluu, akapewa kitanda namba tisa, na karatasi yake ikatundikwa kwenye chuma cha miguuni pa kitanda. Tangu saa ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Namba Tisa, naye akaitika, kwa sababu aliwaona wenzake wanaitika.

Wodi ya wanawake ilikuwa na safu mbili za vitanda. Safu moja vichwa vilielekea ukuta wa kaskazini, safu ya pili vichwa vilielekea ukuta wa kusini. Kitanda namba tisa kilikuwa katika safu ya kusini, kwa hiyo aliyelala pale miguu yake ilielekea kaskazini. Kwetu pwani kaskazini ndiko kibla. Mama hakuwahi maishani mwake kulala miguu ikiwa kibla, na hakukusudia kuanza akiwa mgonjwa, asiyejua kama ataamka. Usiku wa kwanza alijigeuza, akalala kichwa kikiwa upande wa karatasi. Muuguzi alipopita akamwambia, "Mama, lala vizuri," akamrudisha. Mama hakumweleza. Aliona haya kumfundisha dini msichana aliyelingana na mjukuu wake, tena msichana mwenye adabu.

Jumanne baada ya sala ya alasiri nilipokwenda kumwona, nilikuta jambo limekwisha kupangwa. Kule safu ya kaskazini, katika kitanda namba nne, alilala mama mmoja wa Kinango mwenye kidonda kibaya cha mguu. Yeye hakuwa Mwislamu, na miguu yake kuelekea kaskazini au kusini kwake yote sawa. Tena kitanda cha mama yangu kilikuwa karibu na mlango wa choo, na mguu ule ulikuwa haumpeleki mbali. Mmoja akisema Kidigo na mwingine Kiduruma, walikuwa wameelewana bila taabu.

"Nichukulie mto wangu," mama aliniambia. "Nahamia kwa shoga yangu, naye anahamia kwangu."

"Sista anajua?"

"Sista ana wagonjwa ishirini na wawili. Tusimchoshe kwa jambo la mto."

Nikachukua mto. Nikachukua kanga zake, na birika lake la kutawadhia. Nikamshika mkono yule mama wa Kinango, akachechemea hadi namba tisa. Karatasi mbili niliziona. Lakini ukutani palikuwa na tangazo kwamba wageni hawaruhusiwi kugusa karatasi za wagonjwa, na mimi nilikuwa kijana wa kufuata matangazo. Nikaziacha pale pale.

Yaliyofuata niliyakusanya baadaye kwa kumwuliza mmoja mmoja.

Muuguzi aliyempokea mama Jumatatu alihamishiwa wodi ya watoto. Jumatano akaingia sista mwingine, aliyekuwa akitoka likizoni. Huyu hakumjua yeyote kwa sura, ila kwa namba. Karatasi ya namba nne ilisema sindano mara nne kwa siku, akadunga mara nne kwa siku. Mama hakulalamika. Zama zile kwetu mtu aliyerudi kutoka hospitali bila kudungwa alihesabu kwamba hakutibiwa, na mama alipoona sindano hazikomi, alimsifu sista kwa majirani zake wa kulia na kushoto.

Jumatano hiyo hiyo akaja dresa, mwenye kazi ya kuosha na kufunga vidonda. Akafika namba nne, akafunua shuka, akaona miguu miwili mizima. Akafunika, akaenda zake. Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia mtu, alinijibu bila hasira, "Bwana karani, mimi kazi yangu ni kidonda. Pasipokuwa na kidonda, mimi nina habari gani ya kutoa?"

Na karatasi ya namba tisa ilisema mgonjwa asipewe chakula tangu mchana wa Jumatano. Sahani ikampita yule mama wa Kinango mchana, ikampita jioni. Usiku akatiwa maji ya kusafisha tumbo. Hakuuliza. Alidhani kidonda chake kimebadilishiwa dawa, na dawa yenyewe ni njaa.

Mtu mmoja tu angeliona jambo hili mapema, na siku hizo mbili hakuwapo. Alikuwa mhudumu wa wodi, mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, aliyefagia, aliyemwaga vyombo vya choo na kugawa uji. Wagonjwa wote walimwita shangazi. Hakujua kusoma. Jumanne asubuhi alikuwa amekwenda Funzi kwenye matanga ya mjomba wake, akarudi Alhamisi alfajiri.

Alhamisi ile niliomba ruhusa kazini. Wageni hawakuruhusiwa kuingia mapema, basi nilisimama barazani, nikitazama kupitia wavu wa dirisha. Nilimwona shangazi akiingia na ndoo yake. Nilikuwa sijapata kumwangalia sawasawa kabla ya siku ile. Hakuanza kufagia. Aliiweka ndoo chini, akapita kitanda kwa kitanda, akimsalimu kila mtu na kumwuliza habari zake hadi mwisho: amelala vipi, amekula nini, amekwenda choo mara ngapi, kinaumaje kile kilichokuwa kinauma juzi. Waliomzidi umri aliwapa shikamoo, wadogo wake akaitikia marahaba, na katikati ya salamu hizo alikuwa anachukua habari zote za wodi. Kule mizani tulikuwa na desturi ya karani anayetoka na karani anayeingia kusimama pamoja mbele ya mzigo mpaka wakubaliane. Sikuwa nimeona wauguzi wakifanya hivyo mbele ya mgonjwa. Huyu alikuwa akifanya peke yake, bila kuagizwa.

Alipofika namba nne akasimama.

"Wewe umekuja huku lini?"

"Juzi," mama akasema. "Kibla, shangazi."

"Aa, sawa. Na hali?"

"Alhamdulillahi. Nimedungwa saba! Na uji wa leo ulikuwa na maziwa."

"Saba za nini? Wewe si wa tumbo?"

Kabla mama hajajibu, mlango ukafunguliwa, kitanda cha magurudumu kikaingia, kikisukumwa na wanaume wawili. Sista akawaonyesha namba tisa. Wakamwinua mama wa Kinango, wakamlaza, wakamfunika shuka hadi shingoni. Naye akawashukuru.

Shangazi akavuka wodi. Hakukimbia. Akasimama mbele ya magurudumu, mikono kiunoni.

"Shangazi, tupishe," sista akasema. "Daktari ameshanawa mikono."

"Anawe tena baadaye, mwanangu. Huyu si wa tumbo."

"Karatasi inasema namba tisa."

"Karatasi haijapata kumwaga choo chake. Mimi nimekimwaga. Huyu ni wa mguu."

Mmoja wa wale wanaume akacheka. Sista hakucheka. Alikuwa kijana, na amri ile ilikuwa yake, na wodi nzima ilikuwa inamtazama. Angeweza kumfukuza yule mwanamke pale pale, na hakuna mkubwa ambaye angemlaumu. Badala yake aliinua shuka upande wa miguuni. Bendeji ilikuwa chafu, ya siku mbili. Akaifunika tena polepole, kama mtu anayefunika chakula.

"Mama," akamwuliza yule wa Kinango, "wewe unaumwa nini?"

"Mguu, mwanangu."

"Basi mbona hukusema?"

"Hamkuuliza. Mlininyima chakula, nikajua mna sababu."

Hapo niliingia, ruhusa au hapana ruhusa. Nikamwambia sista kwamba mimi ndiye niliyewahamisha, kwa ajili ya kibla.

"Na karatasi je?"

"Imeandikwa tusiguse."

Alinitazama, akalitazama lile tangazo, na nadhani kama si aibu ya saa ile angecheka kweli kweli. Akamgeukia mama yangu. "Na wewe mama, kwa nini hukuniambia habari ya kibla?"

"Niwie radhi, mwanangu. Niligeuzwa tu, sikuulizwa."

Daktari wa Mombasa aliletewa habari, akaja mwenyewe, mzee mfupi mwenye miwani, mikono yake ingali inachuruzika maji. Sista alimweleza yote na hakujificha nyuma ya mtu. Alisema, "Mimi nilisoma kitanda, sikumsoma mgonjwa." Kisha akasema kwamba aliyegundua ni mhudumu. Daktari akamwuliza shangazi kama kuna mwingine aliyehama. Shangazi hakwenda kutazama. Alisimama pale pale, akaanza kutaja kutoka mlangoni: huyu ana homa ya siku kumi, huyu amejifungua na maziwa hayatoki, huyu anasema anakunywa vidonge vyake lakini anavificha chini ya godoro. Sista alivuta kiti, akachukua penseli, akaandika kila neno mpaka kitanda cha ishirini na mbili. Yule msomi alimwandikia asiyejua kusoma, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ajabu.

Mama wa Kinango aliletewa uji, kisha wali, kisha uji tena. Mama yangu alikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda chake, akamwomba msamaha.

"Msamaha wa nini, shoga? Njaa naijua tangu utotoni. Hii ya hospitali ina shuka safi."

"Na mimi sindano zako nimezichukua zote."

"Basi ukiota kidonda, kitapona upesi."

Walicheka mpaka sista akawanyamazisha, naye akiwa anacheka. Sindano za mama wa Kinango zilianza upya jioni ile, na mwezi mmoja baadaye alirudi kwao kwa miguu yake miwili.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya wauguzi kukabidhiana, sista alimwita shangazi mezani na kumwuliza habari za usiku na za jana, na shangazi akajibu akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya ufagio. Hakuna barua iliyoamuru jambo hilo, wala hakuongezewa cheo. Lakini karatasi zilianza kufanana na watu. Nimefanya kazi na mabwana wengi wenye elimu, na sikuona wawili waliokuwa tayari kusikilizana namna ile.

Mama, kwa kuwa alikuwa amekunywa uji, hakuweza kupasuliwa siku ile. Alingoja wiki nzima, na mimi nikangoja naye, nikitazama kila siku kama limau limekuwa chungwa. Alhamisi iliyofuata alipasuliwa salama. Daktari alinionyesha kile alichokitoa, kikiwa ndani ya chupa ya dawa, akaniambia kwamba kitapelekwa Mombasa kuchunguzwa ijulikane kama ni kibaya au si kibaya, na jawabu litakuja baada ya majuma matatu.

Baada ya majuma matatu nilikwenda, halijafika. Mwezi wa pili nilikwenda, nikaambiwa niulize Mombasa. Nilivuka feri, Mombasa wakaniambia majawabu yote yalikwisha kutumwa kwenye hospitali zilizoyaomba. Nikarudi. Sista alikuwa amehamishiwa bara. Daktari alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Nilimwuliza shangazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na habari ya kunipa. "Chupa haikupita mikononi mwangu," alinijibu, "ningekuambia."

Mama aliishi miaka tisa baada ya hapo, akalima, akaozesha wajukuu. Katika mwaka wa mwisho maumivu yalimrudia, upande ule ule wa kulia, naye akakataa kurudi hospitalini. Alitaka kwanza aambiwe walichokiona mara ya kwanza. Nilikwenda tena kuuliza. Karani wa hospitali aliifungua faili ya mama mbele yangu, akanionyesha ukurasa wenyewe. Tarehe ya kutumwa ipo. Chini yake pameandikwa "jawabu," na mbele ya neno hilo hapajaandikwa kitu.